Kabla Hatujaulizwa Kuhusu Viungo vya Marehemu

Siku hizi msiba wa Vudee, huku milimani Upare, unaweza kuanzia Leicester, Houston au Abu Dhabi. Kijana aliyepanda na kushuka milima hii akiwa na sare za shule anapasuka mshipa kichwani akiwa kazini. Analazwa, anawekewa mashine, na kabla wazee hawajaelewa anaumwa nini hasa, mkwe anapiga simu usiku kwa baba mkubwa: "Shikamoo baba. Madaktari wanasema ubongo wake umekufa. Na kuna nesi mwingine amekuja, anauliza kama tutaridhia watoe figo na moyo wake wapewe wagonjwa wengine." Baba mkubwa anaitikia, anawasha taa, anakaa kitandani. Hajawahi kuulizwa swali kama hilo, wala baba yake hakuwahi.

Hajawahi kwa sababu huku nyumbani hilo si jambo tunaloulizwa msibani. Upandikizaji wa figo ulianza Hospitali ya Muhimbili Novemba 2017, ukafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na figo inayopandikizwa hutoka kwa ndugu aliye hai: kaka anampa dada, mama anampa mwanawe. Familia iliyofiwa Hospitali ya KCMC inaulizwa habari za mochwari, jeneza na gari. Lakini majirani wanasogea. Kenya iliweka masharti ya kutoa viungo ndani ya Sheria ya Afya ya 2017. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2023, na Desemba ya mwaka huohuo Hospitali ya Mulago ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Falme za Kiarabu, wanakokwenda vijana wetu kutafuta maisha, zilitunga sheria mwaka 2016. Nani anayedhani swali hili litaishia mpakani?

Sitawaambia mkubali, na sitawaambia mkatae. Ninachotaka kusema ni kwamba swali hili likija vibaya huumiza wafiwa mara mbili, na likija vizuri hata anayejibu hapana hubaki na amani. Uzuri wenyewe uko katika mambo mawili. Kwanza, ombi lisitangulie habari ya kifo, wala lisije nayo pamoja. Pili, wafiwa waulizwe marehemu angetaka nini, wasiulizwe wao wanatoa nini. Mengine yote ni utaratibu, ingawa utaratibu nao una mitego yake.

Nianze na kifo chenyewe, maana hapo ndipo tunapoteleza wengi. Sisi tunakijua kifo kwa dalili zake: pumzi imekatika, mwili umepoa, macho yamefumbwa na mkono wa mtu. Mtu aliyekufa ubongo hana dalili hizo. Mashine inasukuma hewa mapafuni, na moyo, ambao una uwezo wa kujipigia wenyewe ukipata oksijeni, unaendelea kupiga. Kifua kinapanda na kushuka. Mkono ni wa moto. Mama akimshika mwanawe anamkuta na joto, halafu daktari anamwambia amekufa. Ukimwona huyo mama anabisha, usimwite mshamba.

Kinachotakiwa ni madaktari waeleze walichopima. Wanamulika macho kuona kama mboni zinaitikia mwanga. Wanagusa jicho. Wanaingiza maji ya baridi sikioni. Mwisho wanaacha kumpulizia hewa kwa muda huku wakiangalia kama atajaribu kuvuta pumzi mwenyewe. Uingereza vipimo hivi hufanywa na madaktari wawili, hurudiwa mara ya pili, na madaktari hao hawatoki katika kikosi cha kupandikiza. Kifo cha ubongo si koma. Mtu wa koma ubongo wake bado una uhai na anaweza kuzinduka. Huyu hana pa kurudi.

Hapa nina ushauri wa kushika. Ndugu aliyeko huko aombe kushuhudia vipimo vya mara ya pili kama moyo wake unahimili. Hospitali nyingi hukubali. Halafu amuulize daktari swali moja la wazi: kwenye cheti cha kifo mtaandika amefariki saa ngapi? Uingereza saa ya kifo ni ile ambayo vipimo vya kwanza vilikamilika, wala si ile ambayo mashine itazimwa. Jibu hilo husaidia kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu linaweza kusemwa kwenye simu na mzee wa Vudee akalielewa: amefariki jana saa kumi jioni, mashine inasukuma hewa tu. Baada ya hapo kilio kianze. Watu walie. Mama apewe maji. Habari ya viungo ingoje.

Iko njia nyingine pia, na ni vizuri kuijua ili isiwachanganye. Wakati mwingine ubongo haujafa wote, ila madaktari na familia wamekubaliana kwamba matibabu hayasaidii tena na mashine itaondolewa. Hapo mgonjwa huachwa afariki kwa moyo kusimama, madaktari wa Uingereza wanasubiri dakika tano kuthibitisha, ndipo viungo hutolewa. Moyo usiposimama ndani ya saa chache, utoaji haufanyiki kabisa na mgonjwa anaendelea kuhudumiwa hadi mwisho wake. Familia iliyokubali iambiwe hilo mapema. La sivyo itabaki inajiuliza kwa nini walisumbuliwa bure.

Kwa nyinyi manesi na madaktari wa kwetu, ambao siku moja mtaulizwa na serikali mlifanye jambo hili: nendeni mkasome habari za Hispania. Sheria yao ya 1979 inamhesabu kila mtu kuwa ameridhia isipokuwa aliyekataa, na bado hakuna daktari anayegusa mwili bila kukaa na familia. Walipounda shirika lao la taifa la upandikizaji mwaka 1989, walichowekeza hasa ni watu: waratibu ndani ya hospitali, waliofundishwa kuketi na wafiwa, kunyamaza, kujibu, na kuondoka wakiambiwa hapana. Nchi hiyo imeongoza dunia kwa uchangiaji wa waliofariki kwa zaidi ya miaka thelathini. Sheria peke yake isingefanya kazi hiyo. Aliyemtibu marehemu asiwe ndiye anayeomba viungo vyake. Wafiwa wakiona mtu yuleyule aliyesema "tumejitahidi" ndiye anayesema "tunaomba figo", watajiuliza alijitahidi kiasi gani.

Na lugha iwe nyoofu. Sema amefariki. Usiseme tunamtunza aendelee kuishi kwa ajili ya viungo. Ukisema hivyo umewaambia yu hai na mnataka kumchinja. Usiseme kuvuna. Mahindi ndiyo yanayovunwa.

Bara letu lina kisa kinachofundisha haya kuliko semina. Tarehe 2 Desemba 1967, Cape Town, Denise Darvall, msichana wa miaka 25, na mama yake waligongwa na gari wakiwa wametoka kununua keki. Mama alikufa papo hapo. Binti alifikishwa Hospitali ya Groote Schuur, ubongo umeharibika. Baba, Edward Darvall, alipoteza mke na mtoto siku moja. Madaktari wawili vijana walikwenda kuketi naye. Walimweleza kwanza kwamba kwa binti yake hakuna tena la kufanya. Baada ya hapo wakamwambia kuna mgonjwa wa moyo, na kwamba akikataa wataelewa. Inasimuliwa kwamba alikaa kimya kama dakika nne, na katika dakika hizo hakuwa anafikiria sayansi. Alikuwa anamkumbuka binti yake: keki aliyomwokea siku yake ya kuzaliwa, joho la kuogea alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Akakubali. Usiku wa kuamkia tarehe 3, daktari Christiaan Barnard akaupandikiza moyo wa Denise kwa mgonjwa huyo, Louis Washkansky, ambaye aliishi siku 18. Figo ya Denise ilikwenda kwa mtoto wa miaka 10, ambaye sheria za ubaguzi wa rangi za Afrika Kusini zilimhesabu kuwa chotara. Mzungu na chotara hawakuruhusiwa kukaa benchi moja, lakini figo ilipita.

Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya Barnard. Mimi naona mwenye kazi kubwa siku ile alikuwa mzee Darvall, na walioifanya kazi yake iwezekane ni wale vijana wawili waliojua kutangulia na habari, kufuata na ombi, na kuacha mlango wa kukataa wazi. Na angalieni alijiuliza nini. Hakujiuliza kama yeye ana moyo wa kutoa. Alijiuliza binti yake alikuwa mtu wa namna gani.

Swali hilo ndilo la kupeleka Vudee, kwa sababu linawatua wafiwa mzigo. Ukimuuliza mama, "Unakubali watoe figo za mwanao?" umempa kisu mkononi. Ukimuuliza, "Mama, mwanao alikuwa mtu wa kusaidia watu? Angeulizwa mwenyewe angesemaje?" umempa nafasi ya kumzungumza mwanawe, jambo ambalo mfiwa yeyote analitamani. Atasema, "Huyo? Alikuwa anagawa hata viatu vyake." Au atasema, "Alikuwa anaogopa hata sindano." Yote mawili ni majibu halali.

Sasa, nani anajibu? Hapa ndipo sheria ya ughaibuni na desturi ya mlimani zinapopishana. Uingereza orodha ya watu wa kuulizwa inaanza na mke au mume au mwenza, ndipo wazazi na watoto, halafu ndugu wa kuzaliwa. Vudee orodha yetu haianzi hapo. Baba mkubwa yupo, wajomba wapo, shangazi hapitwi. Mke aliyeolewa miaka mitatu iliyopita hathubutu kusaini jambo kama hili peke yake, na akithubutu, atakapoleta mwili nyumbani atakutana na macho. Nimeona ndoa za watu zikihukumiwa msibani kwa mambo madogo kuliko haya.

Ushauri wangu kwa wazee ni kwamba mwambieni huyo mke waziwazi, kwenye simu, mbele ya mashahidi: wewe ndiye msemaji, sisi tunakushauri. Kwake mke: usiweke saini kabla hujapiga simu nyumbani, hata wakikuharakisha. Ukimwambia mratibu kwamba kwetu jambo hili linaamuliwa na ukoo na unahitaji saa kadhaa, atakuelewa. Kuanzia familia ikubali hadi upasuaji mara nyingi hupita karibu siku nzima au zaidi, kwa hiyo saa chache za kikao hazimuui mtu. Watu wa Vudee na Bangalala wamegawana maji ya mto mmoja kwa vikao vya wazee, wa juu na wa chini, hadi ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ikajaa usiku na kufunguliwa mchana bila mtu kushikana mashati (sana). Waliozoea kikao cha maji hawashindwi na kikao hiki.

Ila kikao kiwe na mpaka. Watu watano wanatosha. Simu iwekwe sauti ya juu, mmoja aandike, mmoja anayejua mambo ya hospitali aulize maswali. Kila ukoo una nesi au mganga wa zahanati aliyestaafu, mtafuteni huyo. Kama lugha inasumbua, hospitali ya Uingereza hutoa mkalimani bila malipo, hata kwa simu, na ni haki yenu kumwomba. Msimtume mtoto wa marehemu wa miaka kumi na nne kutafsiri habari za moyo wa baba yake. Halafu sikilizeni, kundi la WhatsApp la ukoo si kikao. Lina watu tisini, na mmoja wao yuko Mwanza, hajamwona marehemu tangu kipaimara, na ndiye atakayeandika mengi.

Jueni pia sheria ya mahali mlipo, kwa sababu kuna mahali hamtaulizwa, mtaarifiwa tu. Uingereza, tangu tarehe 20 Mei 2020, mtu mzima anahesabiwa ameridhia kutoa viungo kama hakujiandikisha kukataa. Wanaoachwa nje ni walio chini ya miaka 18, wasio na uwezo wa kuuelewa mpango huo, na walioishi huko chini ya miezi 12 kabla ya kifo. Hata hivyo familia huitwa, na ikisema marehemu hakutaka, husikilizwa. Marekani ni kinyume: anayetoa ni aliyejiandikisha, mara nyingi pale anapochukua leseni ya udereva, na mtu mzima akishajiandikisha, uamuzi wake unasimama kisheria hata baba yake akikataa. Kijana wetu wa Houston aliyeweka alama kwenye fomu ya leseni bila kuwaambia wazazi amewaachia wazee mshtuko ambao angeuepusha kwa simu ya dakika mbili.

Tuje kwenye hofu, na hizi hazidharauliwi. Afrika Mashariki ilikuwa na habari za mumiani kabla haijawa na benki ya damu. Bibi zetu waliwakimbia wazimamoto wakidhani wananyonya watu damu, na chini ya uvumi ule kulikuwa na jambo la kweli: serikali ya kikoloni ilichukua mengi kutoka kwa watu bila kuwauliza. Halafu yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino kwa ajili ya viungo, hapahapa Tanzania, na hayo si uvumi. Na Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret baada ya waandishi wa habari wa Ujerumani kufichua madai ya vijana kuuza figo zao. Mzee akisema, "Hawa wanataka kumuuza," anazungumza kutokana na anayoyajua. Jibu lake ni taarifa: hakuna senti inayolipwa kwa familia, hakuna senti inayodaiwa, familia inaweza kuchagua kutoa figo na kukataa macho, na inaweza kughairi wakati wowote kabla ya upasuaji. Karatasi zote mpewe nakala.

Hofu kubwa kuliko zote huku kwetu ni ya mwili kurudi umepungua. Nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Wazee wetu wa kale, Wapare wa kabla ya misheni, hawakuona kwamba mwili lazima ukae mzima milele. Baada ya muda walifukua fuvu la mkubwa wa ukoo, wakaliweka chunguni, wakalihifadhi kwenye mapango na misitu ya ukoo, na hapo wakaenda kuomba mvua na afya. Kichwa kilitenganishwa na mwili, na ilikuwa heshima, kwa sababu waliofanya walikuwa na haki ya kufanya. Wajerumani nao walichukua mafuvu. Septemba 2023 wakfu unaosimamia makumbusho ya taifa ya Berlin ulitangaza kwamba katika mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha matatu na ndugu walio hai, mojawapo likiwa la akida wa Mangi (chifu) Meli wa Moshi. Fuvu la Meli mwenyewe, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, bado linatafutwa. Mapango yaleyale ya Kilimanjaro na Upare yameona mafuvu yakihamishwa kwa heshima na yakiibwa. Tofauti ilikuwa moja tu, nani aliulizwa. Kwa hiyo anayekuja kuomba asije na uamuzi ameshauandika. Watu ambao babu zao walikwenda kwa maelfu kukaa Same Januari 1945 kwa sababu ya kodi waliyopangiwa hawapendi kuamuliwa.

Kwa upande wa utaratibu, mwili baada ya upasuaji hushonwa, husafishwa na hufunikwa kama wa mgonjwa mwingine yeyote wa upasuaji. Kuaga jeneza likiwa wazi kunawezekana. Safari ya mwili haichelewi sana kwa sababu ya viungo. Inachelewa kwa vibali, ubalozi na michango, ambavyo mngevikuta tu. Kama kifo ni cha ajali au cha ghafla, afisa wa sheria wa huko lazima naye aridhie, na uchunguzi wa maiti unaweza kufanyika hata mkikataa kutoa viungo. Hilo mwambieni mzee mapema, asije akaona mshono akadhani amedanganywa.

Kuhusu dini nitapita haraka, kwani majibu yapo na kila mtu ana wa kumuuliza. Papa Yohane Paulo II, akizungumza na wapandikizaji Roma tarehe 29 Agosti 2000, aliuita utoaji wa viungo tendo la upendo na akakataa biashara yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikubali kifo cha ubongo lilipokutana Amman mwaka 1986, na Jeddah mwaka 1988 likaruhusu viungo vya marehemu kwa idhini yake au ya warithi wake, bila kuuza. Wapo masheikh wanaobaki na shaka, na Mwislamu amuulize anayemwamini. Waadventista, ambao kanisa lao Tanzania lilianzia hukuhuku Upare, Giti, mwaka 1903, huenda hawajui kwamba hospitali ya kanisa lao ya Loma Linda, California, ndimo daktari Leonard Bailey alimotumia miaka akipandikiza mioyo ya watoto wachanga kuanzia miaka ya 1980. Karibu kila moyo ulitoka kwa wazazi waliofiwa na mtoto. Walutheri wa Dayosisi ya Pare wana wachungaji wao jirani. Muulizeni mchungaji kabla ya msiba, asiulizwe kwa mara ya kwanza akiwa kaburini.

Kuna kipande kimoja cha mazungumzo ambacho sijaona kikielezwa kwetu. Familia ikikubali, mratibu ataleta maswali mengi: marehemu aliugua nini, alisafiri wapi, aliwahi kuugua malaria, homa ya ini, alitumia dawa za kulevya, alikuwa na wapenzi wangapi, aliwahi kulala na mwanamume mwenzake. Wanauliza kila mtu, kwa ajili ya usalama wa anayepokea. Sasa fikiria maswali hayo yanasomwa kwenye spika ya simu mbele ya baba mkwe na shangazi. Mke atajibu nini? Ataongopa, au atanyamaza, na msiba utazaa msiba. Kwa hiyo kikao kikishaamua, simu ya sauti ya juu izimwe. Maswali haya yajibiwe na mtu mmoja, faraghani, yule anayemjua marehemu kwa kweli. Wakati mwingine si mke. Ni rafiki aliyeishi naye chumba kimoja. Wazee waage wakijua tu kwamba kuna karatasi za kujazwa.

Mkiamua hapana, semeni hapana, fupi, bila kutunga sababu. Anayeuliza amefundishwa kulipokea. Na ndani ya ukoo, aliyetaka ndiyo asimwite mwenzake katili. Watani zetu Wachaga watapata la kusema vyovyote vile: Mpare anayeuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, atatoaje figo bure? Waacheni, msiba bila utani haunogi.

Mkiamua ndiyo, kamati ya mazishi ijulishwe na msemaji wa familia kabla ya uvumi kuifikia. Kuna mtu atasema mwili umesafirishwa kwa hela za figo. Hospitali za Uingereza na Marekani hazilipi nauli ya mwili wala mazishi kwa sababu ya viungo. Mweka hazina wa michango aseme hivyo mapema na asome mapato na matumizi kama kawaida. Mimi ningeliandika jambo lenyewe katika wasifu wa marehemu, sentensi moja, likasomwa kanisani au msikitini pamoja na shule alizosoma. Wengine wataona ni siri ya familia, na wana haki. Kibaya ni nusu siri, ambapo wajomba wanajua na mashangazi hawajui.

Lakini yote haya ni rahisi mara kumi kama marehemu aliwahi kusema. Desemba watu wanapanda milima, magari yanajaa kuanzia Same mjini, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa. Siku mojawapo, chakula kikiwa kimeliwa, anayeishi nje aseme mwenyewe: kule niliko, nikifa ghafla watawauliza hivi, mimi nataka hivi, nimemwambia mke wangu. Asingoje baba amuulize, baba hatauliza. Asifanye hotuba. Wazee wakisema, "Mambo ya kufa ya nini siku ya sikukuu," anyamaze, imeshasikika. Na aandikishe uamuzi wake huko aliko, wa ndiyo au wa hapana.

Tuna ushahidi wa karibu kwamba wafiwa wa milima hii wanaweza kuzungumza wakiendewa kwa adabu. Kuanzia 1992, katika Wilaya ya Hai, mkoa huuhuu wetu, mradi wa afya ulipeleka watu nyumba kwa nyumba kuwauliza waliofiwa jinsi marehemu alivyougua, ili ijulikane nini kinaua watu wanaofia nyumbani. Maelezo ya wafiwa hao yalisaidia kupanga huduma za afya nchini. Wahoji walikaa kwenye viti vya wageni, wakauliza, wakajibiwa.

Miezi ikishapita, huenda barua ikafika. Uingereza na Marekani wagonjwa waliopokea wanaweza kuiandikia familia kupitia kwa waratibu, bila kutaja majina kamili: mimi ni baba wa watoto wawili, nilikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, sasa nimerudi kazini. Itakuwa kwa Kiingereza. Isomwe kwanza na mtu mmoja, aitafsiri kwenye karatasi safi, bila kuongeza chumvi. Halafu mama aulizwe kama anataka kusomewa sasa, baadaye, au asisomewe kabisa.